Maktaba ya Chini ya Kitanda
Mwenye rundo la majarida ya zamani huliita maktaba, ilhali wenzake nyumbani huliita makazi ya mende, na kwa kuwa pande zote mbili zina ushahidi, kazi ya kulipunguza huahirishwa hadi Idi, kisha hadi Krismasi. Siku ya upembuzi, yaani kutenga cha kubaki na cha kutoka, mpembuzi hufungua nakala ya Sani, lile jarida la katuni la Dar es Salaam, ili aone kama inafaa kutupwa, hukutana na mhusika wake Ndumilakuwili, na adhuhuri humkuta angali sakafuni akicheka peke yake. Hoja kuu ya utetezi ni hadithi iliyokatishwa kwa neno “itaendelea”, ambayo toleo lake la pili halikununuliwa kamwe, lakini la kwanza sharti litunzwe. Wakati huohuo lignini, kijenzi cha mti kinachobaki katika karatasi ya bei nafuu na kuigeuza njano ikipigwa na mwanga na hewa, huendesha upembuzi wake bila kuomba ruhusa, ikisaidiwa na mchwa, wasomaji wasiobagua mwandishi. Jioni rundo huhamishiwa juu ya kabati na kazi hutangazwa kuwa imekamilika; muuza karanga, aliyeahidiwa karatasi za kufungia, huambiwa apite mwezi ujao.