Wimbo Ulioishia Saa Mbili Usiku

Ukitaka kumkasirisha bwana mmoja wa Chang'ombe, huna haja ya kumtukana wala kumdai. Mwambie tu kwamba Hukwe Zawose alizaliwa Dodoma. Atavua miwani, ataipangusa kwa pindo la shati, kisha atakuuliza taratibu kama mkaguzi wa shule: "Wapi?" Ukirudia Dodoma, umekwisha. Bingwa yule wa ilimba na zeze alizaliwa Doduma, kijiji cha Ugogoni, yapata mwaka 1938. Mkoa ni Dodoma, kijiji ni Doduma, na kati ya herufi hizo mbili bwana huyu amejenga na kuhamia.

Balaa ni kwamba kila mtu huidhani ile u kuwa kosa la uchapaji. Siku moja alikwenda kwenye duka la steshenari kuchapisha fulana. Aliandika maneno kwa herufi kubwa kwenye karatasi: HUKWE ZAWOSE, DODUMA. Kijana wa kompyuta akayasoma, akatabasamu kwa huruma, akamsahihishia mzee wa watu bila kumwaibisha. Fulana ikatoka DODOMA. Bwana hakurudishiwa hela. Alinunua tina akafuta sehemu ya juu ya ile o ili ibaki u. Baada ya kufuliwa mara tatu, fulana sasa inasomeka DOD MA, na watoto wa mtaani wanadhani ni jina la timu ya daraja la pili.

Kwa haki kabisa, wakazi wa Chang'ombe hii wana sababu ya kuwa wakali kuhusu majina. Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba unaishi Chang'ombe, naye atakuuliza kama ni karibu na Uwanja wa Uhuru, maana kwake Chang'ombe ni moja tu, ile ya Temeke. Ukimweleza kwamba yako iko Dodoma, katikati ya nchi, kwenye vumbi, zabibu na bodaboda, anakutazama kama umelitwaa jina la watu bila kibali.

Zawose mwenyewe hakukaa sana huku. Mwalimu Nyerere alivutiwa na muziki wake, naye akaenda Dar es Salaam kupigia kikundi cha ngoma cha taifa. Baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Lebo ya Uingereza ya Real World, ambayo ni ya mwanamuziki Peter Gabriel, ilitoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996, na mwaka 2002 alizunguka Marekani Kaskazini akifungua maonyesho ya Gabriel. Alifariki Desemba 30, 2003, Bagamoyo. Kwa hiyo Taifa lina haki ya kumdai, na Bagamoyo pia, na hata Waingereza wana risiti zao. Doduma inamdai kwa kitovu.

Chang'ombe inamdai kwa kaseti.

Kaseti hiyo ilirekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, katika chumba cha kupanga, kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Wakati huo redio ya Bara ilikuwa hiyo hiyo, na ukipenda wimbo ulikuwa huna njia ila kukaa umeweka kidole kwenye kitufe ukiomba Mungu mtangazaji asiongee. Bwana wetu, kijana wakati huo, hakuwa na kaseti tupu. Alichukua ya kwaya ya shangazi yake akarekodi juu yake. Kwa sababu hiyo, Zawose wa Chang'ombe huanza na sekunde kadhaa za sauti ya pili ya kwaya wakivuta pumzi, kisha kishindo, kisha ilimba. Katikati pana mahali redio iliwahi kuumeza mkanda. Ulinyofolewa, ukakunjuliwa kwa kucha, ukarudishwa kwa kalamu ya Bic, na tangu hapo mzee wa watu huyumba kidogo kwenye ubeti wa pili kama aliyekunywa. Mwisho wa wimbo unaangukia kwenye ngoma ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ilimba inapanda, sauti inapaa, halafu ngoma, tu, tu, tu, na kitufe kinajibana.

Mwenye kaseti alisikiliza hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mke wake anasema alimkuta nayo, na kwamba siku za uchumba alidhani ni mambo ya kupita.

Mapenzi ya aina hii si kama ya Msondo na Sikinde. Hao mashabiki wao walijaza kumbi za Dar es Salaam, wakagawanyika kama Simba na Yanga, wakapata raha ya kupigana vijembe. Shabiki wa kitu wanachokipenda wachache hana wa kumpiga kijembe. Anabaki na ulinzi. Mwenye kaseti alilalamika miaka yote kwamba vijana hawamjui Zawose, na siku kijana mmoja alipomjua, alikasirika zaidi. Alikuwa dereva wa bodaboda, na simu yake ilikuwa inapiga Maisha, albamu ya The Zawose Queens iliyotoka mwaka 2024. Humo Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, wameshika ala ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za wanaume. Mwanamke wa Kigogo alijulikana zaidi kwa ngoma ya muheme.

"Mzee, hawa akina mama ni moto," alisema kijana. "Unawafahamu?"

Lilikuwa swali la heshima. Mwenye kaseti alishuka, akaegemea pikipiki, akaanzia Doduma. Alipofika Bagamoyo jua lilikuwa limeinama. Kijana alisikiliza kwa adabu zote, akaitikia "ndiyo mzee" kila panapostahili, kisha akamtoza nauli ya safari pamoja na ya kusubiri.

Ni maradhi ya kale na hayajali lugha. Mei 1966, mjini Manchester, Bob Dylan alipopanda jukwaani na gitaa la umeme, shabiki mmoja alimpigia kelele "Yuda!" Mtu alikuwa amelipa tiketi, tena kumwona mtunzi wa nyimbo zenyewe, akaona amesalitiwa na mwenye mali. Mwenye kaseti naye alipata Dylan wake kupitia Assembly, albamu ambayo Zawose aliitoa mwaka 2002 pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Hakuita mtu Yuda. Aliisikia mara ya kwanza kwenye baa ya jirani, akaenda akazima redio ya watu, akalipia soda ambayo hakuinywa, akaondoka. Mwaka 2017 Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alipotoa Uhamiaji yenye mitambo ya kisasa, mwenye kaseti alitamka kwamba kijana amepotea njia. Mtoto wa mtu kapotea njia katika muziki wa baba yake, na anayemwelekeza ni Mrangi wa Kondoa.

Ndiyo, Mrangi. Hilo huwa halisemwi mapema. Kigogo chake ni "mbukwa", salamu ambayo kila mgeni wa Dodoma huijua, na ukimjibu kwa sentensi ndefu anacheka kwanza ili apate muda wa kufikiri. Hata hivyo, wimbo wa kaseti anauimba wote, kwa sauti, asubuhi, bafuni. Bafu za Chang'ombe hazina siri. Bibi mmoja wa Kigogo, anayeuza mlenda na ubuyu nyumba ya tatu, alimvumilia miaka kadhaa. Siku alipochoka alimngojea mlangoni.

"Mwanangu, kile unachoimba asubuhi ni nini?"

"Shikamoo, bibi. Kigogo, bibi. Ni Zawose."

"Marahaba. Si Kigogo."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Labda cha kwenu Kondoa."

Mtu mwingine angekoma hapo. Yeye alihitimisha kwamba bibi anatoka upande mwingine wa Ugogo, ambako wanazungumza tofauti.

Msiba mkubwa ulitokana na fundi. Kaseti ilianza kukauka, na watoto wakamshauri aihamishie kwenye flashi. Fundi simu wa mtaani ana mashine ya kazi hiyo, na ni kijana mwaminifu wa kusifiwa. Alipoiweka kaseti akasikia mvumo, zzzzz, nyuma ya kila noti. Lakini ilimba hutengenezwa ili ivume. Ni sanduku la mbao lenye vyuma juu yake, na mafundi wa Kigogo huweka utando wa buibui kwenye matundu yake makusudi ili sauti isitoke tupu. Kuna hata vyuma ambavyo mpigaji havigusi. Vinaitikia vyenyewe vikisikia vingine, kama majirani. Fundi hakuwa na habari ya buibui. Aliona spika zilizopasuka, akafungua programu ya kusafisha sauti, akaondoa mvumo wote, akaondoa na pumzi za kwaya, akanyoosha na ule ubeti wa pili uliokuwa ukiyumba. Alifanya kazi usiku kucha na hakuongeza bei.

Kilichotoka kilikuwa kengele ya mlango wa hoteli.

"Umemuua," alisema mwenye kaseti.

"Nimemsafisha, mzee."

Mzozo huo ulikuwa haujapoa ilipofika sherehe ya kumuaga binti wa jirani. Baba wa binti ni Mgogo asiyekuwa na makuu, na alikuwa amempa DJ muziki wake mwenyewe. Baada ya keki, katikati ya nyimbo za kina Diamond, ikaingia ilimba. Ulikuwa wimbo ule ule, ila mzima, kutoka kwenye rekodi safi yenye mvumo wake wote. Mwenye kaseti aliweka kijiko chini. Akaieleza meza yake ubeti baada ya ubeti, akawaomba wasikilize sana mwisho, kwa sababu pale mzee hupaa, kisha huukata wimbo ghafla, jambo linaloonyesha ubingwa wake.

Pale pa kukatwa palipofika, alisimama akapiga makofi kwa nguvu.

Wimbo haukukatwa. Ulipita mahali pale kama basi linalopita kituo kisicho na abiria. Ukaingia ubeti mwingine, na mwingine, wazee wa Kigogo wakaanza kutikisa mabega, akina mama wakaitikia, na ukumbini alikuwa amesimama mtu mmoja tu, mikono hewani. MC alikuwa makini na kazi yake. Akashika maikrofoni: "Naona mzee wetu amesimama na zawadi yake! Apite mbele, jamani, mpigieni makofi!" Kurudi kukaa isingewezekana tena. Mwenye kaseti alitembea hadi kwenye meza kuu, akicheza kidogo kwa kulazimika, akatoa mfukoni noti ya elfu kumi aliyoitenga kwa umeme, na ya pili aliyoitenga kwa kurudi nyumbani.

Njiani, kwa miguu, alimwambia mkewe neno moja: "Wameongeza."

Mke hakumbishia. Yeye alijua muda mrefu kwamba ngoma ya mwisho ni ya taarifa ya habari. Kila mtu wa rika lao anaijua. Alidhani mumewe naye anajua.

Kwa hesabu rahisi, basi, kaseti ina dakika nne za wimbo wa zaidi ya saba. Alichokilinda bwana huyu dhidi ya watu wa bodaboda, gitaa la Kanada na watoto wa marehemu wenyewe kilikuwa nusu, na katika nusu hiyo kuna sehemu ya kwaya ya shangazi. Ukimwambia hivyo hajibu. Mwaka uliofuata alitaka kuusikia muziki wa Kigogo mahali pake, akamwalika rafiki yake kwenye tamasha la Cigogo linalofanyika Chamwino tangu 2009. Yeye akaenda Chamwino yenyewe, kilomita thelathini hivi mashariki. Rafiki akaenda kata ya Chamwino, iliyo hapa hapa mjini jirani na Chang'ombe, akazunguka mchana mzima akiuliza wanakopiga ngoma, akaishia kula mishikaki. Huko tamashani mwenye kaseti alikaa mstari wa nyuma na hakumsahihisha mtu yeyote. Wanawake walipoweka muheme katikati ya mapaja, alipiga makofi baada ya wengine kuanza.

Wiki iliyopita alionekana tena kwa fundi. Rekodi nzima alikuwa nayo sasa. Baba wa binti alimrushia kwa simu bure. Alikuwa ameisikiliza mara mbili na kila mara ilikataa kuisha. Aliweka kaseti juu ya kaunta, akaomba arudishiwe mambo yake: mvumo, pumzi za kwaya, ule ubeti unaoyumba, na mwisho kabisa ngoma ya saa mbili.

Fundi alikuna kidevu.

"Mzee, kutoa kelele ni elfu mbili. Kuzirudisha ni elfu tatu."

Alilipa, akaomba risiti. Kijana akaandika tarehe na kiasi, kisha akauliza mahali pa kutaja. Bwana akaitaja herufi kwa herufi, akisubiri kila moja iandikwe.