Mwenye Nyumba Kaenda Kazini

Nilianza kuoka keki za kuuza mwaka 2020, ule mwezi wa Machi shule zilipofungwa na ofisi niliyokuwa nikiifanyia mahesabu ikaniambia nipumzike kwanza. Pumziko hilo halijaisha hadi leo. Nikajipa moyo: hakuna daladala, hakuna bosi, hakuna kusimama Tabata Relini jua likikuchoma utosi. Nilichosahau ni kwamba kule ofisini, mtu akitaka kunisumbua alianzia kwa mlinzi.

Hapa kwangu Segerea mlinzi hakuna. Kila aliyefika alikuja na neno moja: "Si upo tu nyumbani?" Jirani ananiachia mtoto aende kusuka, si upo tu nyumbani. Shemeji anataka nikamsimamie fundi bomba wake, mtaa wa tatu, si upo tu nyumbani. Mume wangu, mtu mwema kabisa, anapiga simu saa tano asubuhi: kuna wageni wawili wanapita, wapatie chai.

"Chai na nini, Baba Rehema?"

"Wakaangie mayai tu."

Mayai! Trei ina mayai thelathini, na keki ya ghorofa tatu inakula ishirini na nne. Niliandika juu ya trei kwa kalamu nene: MALI YA OFISI. Jioni nikakuta yamebaki kumi na tisa, na mwanangu wa darasa la pili akanieleza kwa upole kwamba na yeye ni wa ofisini.

Usiku ule nilikaa nikawaza. Miaka yote ile ya kuajiriwa, sikuwa mchapakazi kwa kuipenda kazi. Nilifanya kazi kwa sababu nilikuwa nimetoka nyumbani. Basi dawa ni kutoka nyumbani.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikaoga, nikavaa gauni la kazini na viatu vya kufunika, nikabeba mkoba wangu, nikaaga: "Jamani, naenda kazini." Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka nyumba kwa upande wa tangi la maji, nikainama chini ya kamba za nguo, nikaingia mlango wa jikoni. Nikavua viatu, nikafunga aproni. Saa kumi jioni nikatoka jikoni, nikazunguka kwa upande wa pili, nikapiga hodi mbele. Watoto wakanipokea mkoba.

Mcheke msicheke, wiki ile nilioka keki saba, na hesabu za mwezi nikazifunga kabla mwezi wenyewe haujafunga. Tena hodi zilipungua. Wiki ya pili hazikuwepo kabisa. Hakuna mtoto wa kuachiwa, hakuna fundi bomba. Nikasema kumbe watu wanaheshimu gauni.

Kumbe nilikuwa natazamwa. Mama wa geti jekundu, ambaye dirisha lake linatazama uani kwetu, alikuwa ameona mambo yake: mwanamke anaizunguka nyumba yake kila asubuhi, peke yake, kimya, mkoba begani. Jioni anamalizia mzunguko kwa upande wa pili. Mtaani kwetu jambo hilo lina jina. Anazindika. Na mwenye kuzindika akiwa na mkoba, hapo tena mtu haulizi umebeba nini ndani. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua keki ya mahafali alininong'oneza kama naweza kupita na dukani kwake siku moja, kwa bei ya jirani. Nilidhani anataka sampuli.

Habari ikafika Tanga kwa mama mkwe kabla ya kunifikia mimi. Ijumaa moja usiku mama mkwe akashuka stendi ya Mbezi bila kutuarifu, ana kikapu na uso wa kesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nyumba ya mwanangu unaifanya nini?"

"Naenda kazini, mama."

"Kwa kuizunguka?"

"Ndiyo njia yenyewe."

Akanitazama, akamtazama mwanawe, akaomba maji. Mimi kesho yake nilikuwa na keki ya sendofu, saa kumi jioni, ghorofa tatu. Hawa walikuwa watu wa Kilimanjaro, wanaokata ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, kama keki, na baada ya hapo bado wanaitaka keki yenyewe. Keki zilikwisha kuokwa na krimu ya siagi ilikuwa tayari kwenye bakuli kubwa ndani ya friji. Mfuniko wa bakuli ulikuwa umeondoka na pilau ya mtu tangu Idi, haujarudi. Nikalala.

Mama mkwe hakulala mara moja. Kikapuni alikuwa na papa mkavu, zawadi ya mwanawe, na kwa kuwa ni mtu mwangalifu alimwepusha na paka kwa kumweka kwenye friji, palipo na nafasi. Nafasi ilikuwa ubavuni mwa krimu.

Papa ana yurea nyingi mwilini. Akishakufa inageuka amonia, na harufu hiyo ndiyo inayomtangulia papa mlangoni. Siagi nayo ni mafuta, na mafuta hayabagui harufu, yanakunywa chochote kilicho jirani. Hiyo ni sayansi ninayoifahamu sasa. Asubuhi jikoni nilikuwa na dada wa kazi tu, aliyechovya kidole, akanyamaza kidogo, akauliza:

"Mama, hii ni keki ya mboga?"

Nikaonja. Mbele ilikuwa vanila. Nyuma Pangani.

Nililia kidogo, nikatuma mtu dukani kuchukua siagi nyingine na sukari ya unga, fedha ikatoka kwenye kopo la umeme. Kosa hilo ni langu. Mashine ya kupigia krimu ikazunguka kama dakika nne, ikanyamaza. Friji ikanyamaza. Uniti zimekwisha, kwa sababu oveni yangu ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa na jana yake kutwa nzima ilikuwa inakula. Simu ya kununulia LUKU nikaikuta chini ya kochi, watoto wamechezea gemu hadi ikazima. Baba Rehema yuko msibani Kibaha. Saa sita mchana, joto la Dar, na mimi nina siagi inayoanza kulegea yenyewe.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakusema samahani, na sikuitarajia. Alikunja mikono ya gauni, akavuta ile mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, bakuli katikati ya magoti.

"Lete mwiko."

Mwanamke huyu amepiga mayai ya mkate kwa mkono miaka arobaini. Alipiga ile siagi hadi ikawa nyeupe, mimi namwagia sukari, dada anapepea kwa ungo. Jasho likimtoka alilifutia begani, asilipe nafasi ya kudondoka. Baada ya nusu saa akapumua, akanitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Na hili unalifanya kila siku?"

"Kila siku, mama."

Hapohapo ikaja hodi, ya kwanza baada ya wiki tatu. Sauti ya mwanamke, na mtoto analia. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi, akapaza sauti bila kusimamisha mwiko:

"Nani? Mwenye nyumba hayupo! Kaenda kazini!"

Keki ilifika saa kumi na moja na robo. Walinikata elfu ishirini kwa kuchelewa, nikaona ni haki.

Mama alikuja kukaa siku tatu, sasa ni mwezi wa pili. Anatandika mkeka barazani kila asubuhi, mkoba wangu kauweka ubavuni mwake kwa kuwa anahifadhi humo tasbihi na miwani, na mtaa mzima umeshaelewa uganga ulitokea wapi. Papa anakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Jumanne iliyopita mume wangu alirudi mchana anatafuta chakula, akaambiwa na mama yake mzazi kwamba mkewe yuko kazini, arudi saa kumi. Akasimama kidogo. Kisha nikamsikia akizunguka kwa upande wa tangi la maji, polepole, anainama chini ya kamba za nguo, na kule ng'ambo dirisha la geti jekundu likafunguka.