Mfufua Pudini wa Leicester

Mume wangu ni mfufuaji. Kitu kikishazikwa na wenyewe, hapo ndipo kinapomwingia moyoni. Banda letu la nyuma hapa Leicester limejaa redio za mbao zilizokwisha kukata kauli na baiskeli isiyo na mnyororo. Nilikuwa nimenyamaza, maana vitu hivyo havikuwahi kuvuka kizingiti cha jiko langu. Balaa lilianza aliporudi kutoka duka la mitumba la hisani na kitabu cha mapishi kisicho na jalada, kurasa zimegandana kwa unga na siagi ya watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki.

"Mama Watoto," akaniambia, "Waingereza wana vyakula vyao vya zamani wamevitupa hivihivi. Sisi tutavirudisha."

"Sisi kina nani?" Mimi nauguza wagonjwa usiku. Nikirudi asubuhi nataka chai ya tangawizi na godoro, sitaki historia.

Hakunisikia. Na siku hizo mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, mtu ambaye haamini mapishi yoyote yasiyoanza kwa kukuna nazi. Upande wa pili wa ukuta anakaa bibi mmoja wa Kiingereza, amevuka miaka 80, watoto wanamwita Bibi wa Kushoto kwa kuwa mlango wake uko kushoto kwetu. Bibi huyo Baba Watoto akamfanya mshauri mkuu bila kumwuliza kama cheo anakitaka.

Akaanza na utumbo. Kitabu kilisema uchemshwe kwa maziwa na vitunguu maji, kisha rojo lifanywe zito kwa siagi na unga. Ndicho kilikuwa chakula cha watu wa viwandani huko kaskazini, Lancashire, ambako maduka ya kuuza utumbo yalikuwa jambo la kawaida mitaani. George Orwell alipokwenda Wigan mwaka 1936 kuangalia maisha ya wachimba makaa ya mawe, alipanga juu ya duka la namna hiyo, na alivyolieleza kwenye kitabu chake msomaji anaweza kufunga siku mbili bila nia. Baba Watoto hakuwa amefika huko katika masomo yake.

Mama mkwe aliposikia utumbo alifurahi kweli. Akajifunga kanga kiunoni, akausugua kwa chumvi na ndimu mpaka ukang'aa, akaukata vipande vya ukubwa mmoja. Kisha akaona galoni la maziwa mezani.

"Baba, haya ya chai?"

"Ya utumbo, mama."

Akanawa mikono, akaenda kukaa sebuleni na tasbihi yake.

Kilipopakuliwa kilikuwa cheupe juu ya sahani nyeupe, pembeni viazi vya kuponda, navyo vyeupe. Kijana wetu alikitazama akauliza kama kimekwisha pikwa. Bibi wa Kushoto, aliyekuwa mgeni rasmi, alikula kijiko kimoja, akafuta mdomo, akasema kwa upole kwamba aliyekuwa akikipenda ni marehemu baba yake. Yeye alikuwa anampa paka chini ya meza. Kesho yake mama mkwe aliukosha ule utumbo rojo lote, akautia nyanya, tangawizi, pilipili na tui, ukaliwa mpaka sufuria likakombwa. Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu utumbo wa maziwa ni fupi: uachwe ulipolala.

Lakini jioni ile Bibi wa Kushoto alibaki, akatueleza jambo ambalo lilinifanya nianze kumwelewa mume wangu, ingawa sikumwambia. Dunia nzima inacheka chakula cha Kiingereza. Anachokicheka mtu, alisema, ni chakula cha vita. Mgao ulianza Januari 1940 kwa bekoni, siagi na sukari, ukasambaa kwenye karibu kila kitu, na haukumalizika mpaka Julai 1954, nyama ilipoachiwa, miaka tisa tangu vita vyenyewe kwisha. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa vita vikiendelea, uligawiwa baada ya amani, kuanzia 1946. Yeye alizaliwa kati ya hayo. Yai alilolijua utotoni lilikuwa unga wa kopo uliotoka Marekani. Mama yake alipika pai ya Woolton, iliyopewa jina la waziri wa chakula: viazi, karoti, koliflawa na oti chini ya ganda, nyama hakuna.

Hebu piga hesabu. Miaka 14 inatosha binti kukua, kujifunza kupika na kuolewa bila kumwona mama yake akivunja mayai matatu kwa mpigo. Ukikata kamba hapo, anayefuata anarithi nini? Anarithi kabichi iliyochemshwa kupita kiasi na desturi ya kutolalamika. Na kabla ya hapo watu hawa walikuwa wapishi. Kitabu cha Hannah Glasse cha mwaka 1747 tayari kina mchuzi wa bizari kwa namna ya Kihindi, na kimejaa siagi, krimu, kungumanga na karafuu. Mimi niliyelelewa jirani na mashamba ya viungo nilidhani hawa wenzetu walikuwa wananunua karafuu kwa ajili ya maumivu ya meno tu.

Sasa tuje kwenye shahamu, maana hapo ndipo nyumba yangu ilipokaribia kuungua.

Pudini halisi za zamani za nchi hii hazitengenezwi kwa siagi. Zinataka shahamu ngumu inayofunika figo la ng'ombe. Madukani ipo iliyokwisha kukatwakatwa, kwenye pakiti, kampuni ya Atora inaiuza tangu 1893, lakini sisi tunatafuta iliyochinjwa kisheria, kwa hiyo Baba Watoto akaenda bucha. Muuza nyama wetu ni mzee wa Kihindi aliyekuja hapa kutoka Kampala akiwa kijana, mwaka ule wa 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wafungashe. Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Wakaja kwa maelfu, na leo ukitaka mihogo, mbaazi au Kiswahili cha dukani katika mji huu, ni kwao.

"Shahamu ya figo?" mzee akashangaa. "Ya nini, bwana? Hii sisi natupa." Akampa mfuko mzima bure.

Nilikuwepo alipoiandaa, na nakiri inapendeza kutazama. Ni nyeupe, kavu, inavunjika vidoleni, imevikwa utando mwembamba ambao lazima uuchambue wote, la sivyo utaukuta mdomoni. Unaipara kwenye kikunio huku ukiinyunyizia unga isishikane. Siri yake ni kwamba huyeyuka polepole kuliko siagi. Unga unakuwa umeanza kuiva na kushikamana ndipo shahamu inapoyeyuka na kuacha vijitundu. Ndiyo maana pudini ya namna hii, ikiwa nzuri, ni nyepesi kuliko inavyotajwa.

Baba Watoto aliamua kupika ile ya jamu inayoviringishwa kama mkeka, kisha ikafungwa kwa nguo na kuchemshwa. Kitabu kilieleza kwamba zamani watu walitumia mkono wa shati kuukuu, ndiyo maana watoto wa Kiingereza waliipa jina la mkono wa maiti. Mtu mwingine angesoma, angecheka, angetafuta karatasi ya kuokea. Mume wangu alipanda juu, akafungua kabati, akatafuta shati kuukuu, hakuliona, akachukua kanzu iliyokuwa chini kabisa, isiyomkaa tena tumboni, akakata mkono mmoja.

Mimi nilikuwa nimelala baada ya zamu ya usiku. Pudini ilihitaji saa mbili za kutokota na maji kuongezwa kila yanapopungua, yachemke kwanza kwenye birika, usitie ya baridi. Baba Watoto aliyaweka maji, akawasha gesi, akaenda sebuleni, akakuta timu yake iko uwanjani. Mengine sihitaji kuyaeleza kwa mtu aliyeolewa.

Nilichokisikia mimi ni king'ora cha moshi. Tukatoka nje, mimi na shuka, watoto na soksi bila viatu, mwezi wa pili, barafu bado iko juu ya magari. Bibi wa Kushoto naye akatoka na koti juu ya nguo ya kulalia. Aliyekosekana ni mama mkwe. Nilipotaka kurudi ndani nikamwona mlangoni, amejiziba pua kwa ncha ya kanga, mkono mmoja ameshika koleo, na kwenye koleo kuna kitu kirefu, cheusi upande mmoja, kinavuja jamu nyekundu.

"Mkono wa nani huu?" akauliza.

Bibi wa Kushoto hakuelewa hata neno moja, lakini alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anaangalia upande ambao haukuungua, penye darizi ndogo ya uzi mweupe kwenye ukingo wa mkono. Kanzu ile alimshoneshea mwanawe kwa fundi wa Tanga, ya siku ya ndoa yetu. Aliigeuza, akaiangalia tena, akasema, "Baba, njoo hapa." Baba Watoto ana mvi, ana leseni ya basi na watoto watatu. Alikwenda pale akiwa na umri wa miaka saba.

Sufuria langu la chuma cha pua halikupona. Jiko lilikaa siku kadhaa linanuka sukari iliyoungua, na ufufuaji ukawekwa chini ya usimamizi mpya. Mama mkwe aliagiza kitabu kiletwe, kisomwe kwa sauti na kutafsiriwa, halafu yeye ndiye atakayesema kipi kipikwe na kipi kisirudi duniani. Wali wa samaki wa moshi na mayai ya kuchemsha, ambao Waingereza waliutoa India na kuufanya chakula cha asubuhi cha nyumba kubwa, alikubali kabla sentensi haijaisha. Wali wa maziwa wa kuokwa oveni, moto mdogo saa mbili, wenye ngozi ya kahawia juu na kungumanga, alikubali na kuongeza iliki. Maziwa yanayogandishwa kwa dawa ya tumbo la ndama akasema tusimtajie tena.

Kisha wakafika kwenye pudini ya Sussex, nami nikaacha kusinzia. Jane Grigson ameiandika kwenye kitabu chake cha 1974, English Food. Unga unaoumuka wenyewe robo kilo hivi, shahamu nusu yake, maziwa na maji kidogo ya kukandia. Unatandika bakuli la udongo kwa kinyunga hicho, unatia siagi na sukari ya kahawia, na katikati unakalisha limau zima, na maganda yake, umelichomachoma kwa sindano. Siagi na sukari nyingine juu, kifuniko cha kinyunga, halafu karatasi yenye mkunjo katikati ili pudini ipate pa kupandia, kamba chini ya ukingo, na mshikio wa kamba wa kulitolea. Saa tatu na nusu mvukeni.

"Limau na ganda lake?" Mama mkwe alitulia. "Hawa wanajua achari."

Alifunga kamba yeye mwenyewe, na hakuna mechi iliyotazamwa siku ile. Ilipopinduliwa kwenye sahani ya kina na kukatwa, mchuzi wa siagi na limau ulimwagika pande zote ukaizunguka pudini. Ganda la limau lilikuwa limelainika likawa linakatika kwa kijiko, chungu kidogo, tamu kidogo. Kila mtu anapewa kipande chake, na anayenyimwa ananuna. Bibi wa Kushoto akaleta kastadi. Mama mkwe akaionja, akairudisha jikoni, akaitia iliki, kwa sababu kwao Tanga kastadi ni chakula cha futari na hakuna mtu wa kumfundisha. Nilipomweleza kwamba unga wa kastadi ulibuniwa Birmingham mwaka 1837 na Alfred Bird, ambaye mkewe mayai yalimdhuru, alinitazama kwa huruma. "Basi bwana huyo alikuwa na mapenzi, ila iliki hakuwa nayo." Bibi wa Kushoto aliongezwa mara mbili.

Sitasema saa tatu na nusu za gesi ni rahisi kwa bei za sasa. Vyakula hivi viliuawa na mgao, kisha vikamaliziwa na mita na zamu za kazi, na mwanamke anayetoka kazini saa kumi na mbili hawezi kukaa akisubiri limau lilainike. Ila Jumapili, baridi ikiwa imeuma, mvuke ukifunika dirisha la jikoni, mimi ni upande wa mume wangu. Hilo nalo sijamwambia.

Sasa amefika kwenye pai ya Mousehole, kijiji cha wavuvi huko Cornwall, inayoliwa tarehe 23 Desemba kumkumbuka Tom Bawcock, mvuvi wa hadithi aliyetoka katikati ya dhoruba kijiji kikiwa na njaa, akarudi na samaki wa kuwatosha wote. Ndani ni samaki, viazi na mayai. Vichwa vinatokeza juu ya ganda, macho mbinguni, ili mafuta yake yarudi ndani wakati wa kuoka. Watoto wameapa hawataketi na chakula kinachowatazama. Mama mkwe vichwa havimtishi, alichokasirikia ni kusikia kwamba watu huviacha. Ameahirisha safari ya kurudi Tanga. Samaki atawanunua mwenyewe soko la Leicester, amesema, maana mwanawe hajui kukagua matamvua, na vichwa vyote tayari vina mwenyewe.