Yah: Kinachopita Kwenye Mtandao wa Mbeya na Iringa

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam

Biashara ya mtandaoni katika mikoa ya Mbeya na Iringa huanza na picha. Gunia la mchele wa Kyela hufunguliwa mdomo, mchele kidogo huwekwa kiganjani ili punje zionekane hazijakatika, na picha hupanda kwenye stetasi ya WhatsApp kabla ya saa moja asubuhi, muda ambao wateja wa Dar es Salaam wamekwama kwenye foleni na hawana kazi nyingine zaidi ya kuangalia simu. Bei haiandikwi. Huandikwa "bei njoo inbox", kwa sababu bei ya mtu wa Masaki na bei ya mtu wa Mbagala hazijawahi kuwa moja. Wakishapatana, mteja hupewa lipa namba, hulipa, kisha hutuma picha ya meseji ya muamala. Muuzaji haiamini picha hiyo hata kidogo. Hafungi mzigo mpaka salio lake mwenyewe limesoma. Baada ya hapo gunia hupanda bodaboda hadi stendi ya Nane Nane jijini Mbeya, hukabidhiwa konda, na picha ya tatu hupigwa: gunia, risiti ya basi, na namba ya konda iliyoandikwa kwa maka peni juu ya gunia lenyewe. Kutoka hapo hadi Mbezi, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800, na kinachowafanya watu wawili wasiojuana waaminiane kwa umbali wote huo ni picha tatu na alama mbili za bluu.

Iringa hali ni hiyo hiyo, bidhaa ndizo tofauti. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe huonekana Instagram kabla havijaonekana Soko Kuu. Mbao za Mafinga huuzwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa futi na kwa picha ya lori. Viazi na parachichi hazina subira ya kutosha kwa picha nyingi, huuzwa kwa sauti iliyorekodiwa.

Maelezo haya yanatolewa kwa heshima zote, kwa kuwa nyaraka za Mamlaka za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba inaufahamu mtandao kwa sura moja tu, nayo ni maudhui. Maudhui husemwa, husomwa, hukera, na kwa hiyo hudhibitiwa. Gunia la mchele halikeri mtu yeyote na ndiyo maana halikuwahi kuonekana.

Ushahidi wa kwanza ni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. Kanuni hizo zilimtaka mwenye blogu alipe ada ambazo kwa mwaka wa kwanza zilifika takribani shilingi milioni 2, kiasi ambacho mwandishi wa habari za Iringa mjini angekipata kwa kuuza kompyuta, pamoja na pikipiki ya kufuatilia habari zenyewe. Wenye vibanda vya intaneti walitakiwa kufunga kamera. Lakini kifungu kinachostahili kukaa kwenye vitabu ni kile kilichomtaka kila mtumiaji afunge kifaa chake kwa nywila, na asiyefunga apate faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Simu ya bibi wa Soko Matola hushikwa na nusu ya meza za jirani: mjukuu humsomea meseji, muuza nyanya humpandishia picha za ndizi, muuza dagaa huazima bando. Nywila ya simu hiyo, kama ipo, ni 1234, na safu nzima inaijua. Kwa kuwa kanuni ilidai nywila iwepo bila kudai iwe siri, bibi huyo alikuwa raia mwema kabisa. Kanuni zilifutwa na kuandikwa upya mwaka 2020. Nywila ya 1234 bado inatumika.

Ushahidi wa pili ni usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake uliwekwa 20 Januari 2020. Watu walipanga foleni kutafuta namba za NIDA, wazee ambao jembe limewafuta alama za vidole wakarudishwa nyumbani, na nchi ikaahidiwa kwamba kila meseji sasa ina mwenyewe. Meseji ya kitapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ilitarajiwa kufa siku hiyo. Haikufa. Taarifa za Mamlaka yenyewe za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya ulaghai kwa simu, na atakayefungua ramani ataona kwamba Mbeya na Iringa zimekaa katikati ya mikoa hiyo miwili, hivyo hupokea salamu kutoka pande zote. Mwananchi hushauriwa kuripoti namba ya tapeli kwenda 15040. Huduma hiyo ni nzuri na inafanya kazi. Swali linalobaki kwenye vijiwe vya Mwanjelwa ni dogo: kama kila laini ina kidole, vidole hivyo ni vya nani?

Sasa kuhusu kukosekana kwa mtandao, ambako wataalamu wa Nyanda za Juu Kusini hukugawa katika aina mbili. Ya kwanza ni ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari kusini mwa Afrika, na sehemu kubwa ya Tanzania ikabaki na intaneti ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Mtu wa Uyole, ambaye bahari huiona kwenye kalenda, alijifunza siku hiyo kwamba gunia lake hupitia Durban kabla ya kufika Mbezi. Viongozi walieleza chanzo, walitoa taarifa za matengenezo, na watu wakaelewa. Hakuna aliyeilaumu Mamlaka kwa tabia za bahari.

Aina ya pili haihitaji bahari. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizibwa. Tarehe 20 Mei 2025 mtandao wa X uliacha kufunguka, mara tu baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, na maelezo rasmi yaliyofuata yalitaja maudhui ya ngono. Waliotaka kuufikia kwa VPN walikuwa wamekwisha kupewa utaratibu: tangazo la Oktoba 2023 liliwataka watumiaji wa VPN wajitambulishe kwa Mamlaka kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na anwani zao za IP. Chombo cha kuficha anwani kikaombwa kisajiliwe kwa anwani, na hili lazima lihesabiwe miongoni mwa michango ya Tanzania katika sayansi ya kompyuta.

Kisha ikaja Jumatano ya 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima hadi 3 Novemba. Siku hizo watu waliuawa, na barua hii haina kejeli kwa hilo. Inaongelea mchele tu, kwa kuwa mchele nao ulikuwepo. Aliyekuwa amepokea oda jioni ya tarehe 28 alibaki na hela ya mtu asiyeweza kumwonyesha mzigo. Aliyekuwa ameshatuma mzigo alibaki hana picha ya kuthibitisha kwamba umepokelewa. Mteja aliyelipa na kukutana na kimya cha siku tano alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ametapeliwa, na hakuna tangazo hata moja lililomweleza kwamba muuzaji wake ni mwaminifu na kwamba kilichopotea ni nchi nzima. Mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza kuingia kwenye simu nyingi ulikuwa onyo la kutosambaza picha za kuzua taharuki. Wafanyabiashara walitii. Walisambaza picha za magunia yaliyoanza kuvunda, ambazo zilizua taharuki ya kiasi.

Januari 2026 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaeleza mabalozi masikitiko yake kwa usumbufu wa kuzimwa kwa mtandao. Ni uungwana unaostahili pongezi. Muuza mchele wa Mwanjelwa si balozi, ingawa ana wateja Oman.

Ifahamike pia kwamba Nyanda za Juu Kusini hazikosi miundombinu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao TTCL imekabidhiwa kuusimamia, umepita Iringa na Mbeya ukielekea Tunduma na Kasumulu, na huko mpakani huunganishwa na Zambia na Malawi. Majirani hao nao wana la ziada. Intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza huduma Malawi Julai 2023, na Zambia Oktoba mwaka huo huo. Hadi mwisho wa 2025 Tanzania ilikuwa haijaipa leseni. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa Kasumulu husimama kwenye nchi yenye Mkongo, akitazama ng'ambo ya Mto Songwe kwenye paa la bati lenye kisahani cheupe, wakati bando lake linazunguka. Sababu za kuchelewesha leseni huenda ni nzito. Zikiandikwa kwenye tangazo, zitasomwa kwa makini na watu wenye muda, maana bando likizunguka muda hupatikana.

Upande mmoja wa Serikali, kwa bahati nzuri, tayari unayaona magunia. Tangu Julai 2024 waandaa maudhui wanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na katikati ya 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) iliwapa wafanyabiashara wa mtandaoni hadi 31 Agosti wawe wamejisajili. Wengi walijisajili, wengine kwa hiari kabisa. Siku 59 baadaye duka walilolisajili lilifungwa, na si wao waliolifunga. Kwa mujibu wa TRA mtandao ni soko. Kwa mujibu wa TCRA ni kipaza sauti. Ofisi hizo mbili zote ziko Dar es Salaam na kuna daladala kati yao.

Kinachoombwa ni kidogo. TANESCO, enzi za mgao wa umeme, ilitoa ratiba: eneo, siku, saa ya kukata, saa ya kurudisha. Fundi wa kuchomelea wa Ipogolo alijua alale lini na achomelee lini. Mamlaka inaombwa itoe ratiba ya namna hiyo kwa intaneti, ikianza na chaguzi, ambazo mwaka wake hujulikana miaka mitano kabla na hivyo hazihitaji upelelezi. Ratiba ikionyesha kwamba Mbeya itazimwa Jumatano na Iringa Alhamisi, wauza mchele wataazimana mtandao kwa simu ya kawaida, na vikapu vitaondoka Jumanne. Pale itakapolazimu kuzima nchi nzima bila taarifa, inaombwa angalau meseji moja itumwe kwa wateja wote wa Dar es Salaam, yenye jina la Mamlaka, ikisema kwamba hela yao iko salama na gunia lao lipo kwa konda.

Nakala: Kamishna Mkuu, TRA, kwa ajili ya kujaza sehemu ya mauzo ya tarehe 29 Oktoba hadi 3 Novemba 2025, ambayo kwenye fomu za wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Mafinga imeachwa wazi.