Huruma ya Ghorofani

Mwaka 2019 jiji la San Francisco lilitaka kujenga makazi ya dharura ya vitanda 200 kwa watu wasio na pa kulala, kwenye kiwanja cha kuegesha magari kando ya bandari. Majirani wa ghorofani wakacharuka. Si kwamba hawawapendi maskini, la hasha! Wanawapenda mno. Ila si hapa, jamani.

Meya London Breed alipokwenda kuwaeleza, alizomewa. Kisha ukapitishwa mchango mtandaoni, zikapatikana zaidi ya dola 100,000. Za magodoro? Mungu apishe mbali, za wakili. Na mawakili, kwa kuwa ni wasomi, wakakumbuka mazingira. California ina sheria ya mwaka 1970, iliyotiwa saini na Gavana Ronald Reagan, inayotaka athari za mradi zipimwe kabla ya kibali. Kumbe lami nayo ina viumbe adimu! Mtu akilala barabarani hakuna anayemdai tathmini. Ngoja atafutiwe kitanda.

Tume ya Bandari iliidhinisha kwa tahadhari ya mtu anayeonja mchuzi wa moto: vianze vitanda 130, vingine viongezwe polepole, labda ili mandhari ya ghuba izoee. Jaji akakataa kusimamisha ujenzi, na Desemba mwaka huohuo makazi yakafunguliwa. Majirani, bila shaka, wakaendelea kuwapenda maskini, sasa kwa karibu kuliko walivyoomba.