Makochi ya Kutazamana

Mteja wa Mikumi hula kwa ruhusa ya konda. Basi la Mbeya, la Songea au la Tunduma likishaegesha tu, konda anasimama mlangoni: "Dakika kumi na tano, gari haisubiri mtu!" Ndani ya hizo dakika kuna kuchimba dawa, kunawa, kuagiza, kudai chenji na, ikibaki nafasi, kula. Huyo ndiye mteja ambaye kaka yangu alimfikiria alipoamua kuijaza hoteli yake makochi ya kutazamana: migongo mirefu, meza katikati, kila familia na kijichumba chake.

Hoteli ipo kando ya barabara kuu, karibu na njia panda ya Ifakara. Makochi aliyaona kwenye simu, hoteli ya Ulaya huko, mzungu na mkewe wakinywa kahawa bila haraka yoyote. Nilipomuuliza kama amewahi kumwona mtu wa hivyo Mikumi, akanijibu kwa historia. Sisi ni watu wa Kilosa, akasema. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, inapita kwetu. Tumekua tunakijua kiti cha daraja la tatu, goti kwa goti na usiyemjua, kuku wake chini ya miguu yako. Hata Wamarekani, akaongeza, hoteli zao nyingi za barabarani walizijenga kwa kuiga mabehewa ya chakula ya treni.

Hapo kwa Wamarekani hakudanganya. Lakini abiria wa treni ya Kigoma akikaa, amekaa. Wa basi anakalia tako moja, jicho liko kwa konda.

Wifi yangu, ambaye ndiye anayepika na ndiye anayefagia, alitaka viti vya plastiki. "Baba watoto, kiti cha plastiki mtu akimaliza kula nakipachika juu ya mwenzake nafagia. Hilo kochi nitalipachika wapi?" Hakujibiwa.

Kazi akapewa fundi wa Kilosa, mtu hodari wa makabati. Mbao zilikuwa za Mafinga, sponji nene, na juu yake leza nyekundu inayong'aa. Kimo alikipatia: kikalio sentimita 45 kutoka chini, meza 75, vipimo vinavyokubalika dunia nzima. Nafasi kati ya meza na mgongo wa kochi ndiyo aliyoipima kwa kujikalisha mwenyewe, naye fundi ni mwembamba kama ufito. Kisha kila kitu kikafungwa sakafuni kwa boliti, wasije wateja wakaharibu mpangilio.

Siku ya kwanza alishuka mama mmoja wa kwenda Makambako, mwili umejaa kwa neema ya Mungu. Akaingia kimshazari, akafika nusu, meza ikagoma. Akaomba kwa upole isogezwe. Mhudumu akainama, akaziona boliti, akainuka. "Samahani, mama. Hii haisogei." Yule mama akatazama meza, akatazama kuku wake anayefuka moshi, akala akiwa amekaa ubavu, miguu iko njiani, na kila aliyepita na sahani akawa anamruka.

Lakini shughuli yenyewe ilikuwa kunawa. Zamani wifi alikuwa anapitisha jagi na beseni. Kaka, katika usasa wake, akajenga sinki kwenye kona. Sasa chukua watu wanne kwenye kochi, wote wa ugali. Wa ndani ukutani akitaka kunawa, wa nje anyanyuke. Akirudi, wa nje anyanyuke tena. Wa upande wa pili nao hivyo hivyo. Baada ya kula mambo yanarudi mwanzo, safari hii vidole vina mchuzi, mikono iko juu kama mateka, na mtu anajiburuza kwa makalio juu ya leza iliyolowa jasho. Leza ikitendewa hivyo hutoa mlio. Mlio huo kila mtu hotelini aliujua na hakuna aliyethubutu kuutaja. Mzee mmoja mwenye kanzu aliutoa, akasimama wima, akatangaza kwa sauti, "Ni kochi hilo!" Vijana wakajibu, "Shikamoo, mzee."

Halafu kuna aibu. Kwenye benchi la mama ntilie watu hubanana bila kujuana, hakuna tatizo. Kwenye kochi la kutazamana mtu akikaa peke yake, limekuwa lake. Basi zima likashuka, makochi sita yakakaliwa na watu sita, wengine wakasimama na sahani mkononi. Kijana mmoja alipiga hodi kwanza. Wa ndani akasema, "Karibu," kisha wakala bila kuinua macho.

Nyani wao hawakuona aibu. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na nyani wa huku wamejifunza kwamba gari maana yake chakula. Mmoja akapita dirishani na kugundua mapema kuliko sote faida ya mgongo mrefu: anajificha nyuma yake, mkono unatokea juu ya bega la mteja, chapati inaondoka.

Nisiwe mchoyo wa sifa, migongo hiyo ilimfaa mtu mara moja. Walishuka Wanyakyusa wa kwenda Tukuyu, bibi mmoja ambaye ni mkamwana wa mzee waliyesafiri naye. Kwa mila zao za zamani mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mzee akakaa kochi hili, mkamwana kochi la nyuma yake, wakala wali nyama wamepeana migongo, heshima haijavunjika. Kaka alitembea kifua mbele hadi jioni.

Waliokuja kuyapenda hasa ni madereva wa malori ya Zambia na Kongo. Hawa hawana konda. Dereva anakula, anasukuma sahani, anavua viatu, anajinyoosha, na mgongo mrefu unamkinga jua na macho ya watu. Ukiingia saa saba mchana unadhani hoteli haina mtu, mpaka usikie mikoromo. Wifi akachoka, akachukua kipande cha boksi na makapeni, akaandika na kubandika ukutani: KULALA MWISHO SAA NANE.

Dereva mmoja akalisoma tangazo, akarudisha kichwa kwenye leza, akauliza kwa unyenyekevu kabisa, "Dada, hiyo ni saa nane ya mchana au ya usiku?"