Sifa za Mlanguzi wa Majina

Apewe maua yake mlanguzi wa majina! Mkulima amesifiwa, mvuvi ameimbiwa, hata punda wa Lamu ana mashindano yake. Lakini huyu anayekesha akinunua majina ya biashara za wenzake hajawahi kutunzwa hata kanga. Leo namlipa deni lake.

Nianze na imani yake. Nilipoanza kutengeneza sabuni za mwani, mama mdogo aliniuliza kama nimekosa kazi. Benki wakaniambia nirudi nikishakuwa na mtaji, yaani nikope siku ambayo sina haja ya kukopa. Ijumaa moja nikalitangaza jina la sabuni yangu mtandaoni, na maneno "Yaja hivi karibuni." Jumapili nikaenda kununua domeini, yaani anwani ya tovuti, nikakuta imeshapata mwenyewe. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyeamini sabuni ile ina kesho, akaiwekea fedha kabla haijakauka! Alitoa bei ya kilo mbili tatu za nyama, kisha akaniandikia kwa adabu na kunitaka dola 1,200. Sina ndugu wa damu anayenithamini hivyo.

Wala ukoo wake si wa jana. Mwaka 1995 Mmarekani Dennis Toeppen alijisajilia panavision.com, akapamba humo picha za Pana, mji mdogo wa Illinois. Kampuni ya kamera ya Panavision ilipong'aka, yeye akaomba dola 13,000 tu. Walipokataa, akawasajilia na panaflex.com, jina la kamera yao, wasije wakapungukiwa. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikaipa kampuni haki, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likatunga sheria mahususi, yenye fidia inayofika dola 100,000 kwa domeini moja. Sisi wengine tutakufa bila kutungiwa hata shairi.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ni ualimu. Nimehudhuria semina za wajasiriamali, nikala sambusa zake zote, nikatoka nikiamini kwamba cheti cha jina la biashara kilichoko ukutani kinanilinda. Barua moja ya mlanguzi ikanifumbua macho. Jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine, na domeini ni cha tatu. Ukiwa na kimoja huna vyote. Alama husajiliwa kwa makundi, nayo yako 45. Sabuni imo kundi la 3. Ukisajili BRELA, msajili wa Tanzania Bara, umejilinda Bara tu; Zanzibar, mwani wangu unakotoka, wana BPRA yao. Na Bara ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa kumi kumi.

Tena ana huruma yenye hesabu. Mwenye alama anaweza kumshtaki mlanguzi mbele ya WIPO, shirika la miliki bunifu duniani, huko Geneva, akathibitisha kwamba jina limechukuliwa kwa nia mbaya. Ada ya shauri la mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Yeye kaniomba 1,200. Kanipunguzia dola 300, na usumbufu juu!

Wanaomlaani wajitazame. Mtoto akizaliwa, mabibi wa pande mbili hukaa kikao juu ya jina lake. Jina la kazi inayomlisha mtoto huyohuyo tunalipaza sokoni kabla halijaandikwa popote. "Hakuna matata" tulikuwa nayo vinywani bila risiti. Disney wakaiombea usajili Marekani mwaka 1994, kwa ajili ya nguo, wakaupata 2003. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 wakatia saini kulalamika. Kelele zilikuwa zetu, fomu ilikuwa yao.

Mwalimu wangu, dola zako sijalipa, lakini karo nimelipa: sabuni ile ilibidi niipe jina jipya. Domeini yake nilinunua usiku uleule nilipolibuni, maombi ya alama yako Bara na Visiwani, na mama mdogo mwenyewe halijui. Utaniwia radhi nisipolitaja hapa. Najua unasoma.